Bustani ya Mwanga

Ramani ya kwanza niliichora nyuma ya karatasi ya mtihani wa kidato cha pili, huku wanafunzi wangu wakihangaika na ufupisho. Nilichora nyumba, ukuta, tangi la maji, na kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ambacho hatua zangu kumi na moja hukimaliza. Juu ya karatasi nikachora mwezi. Kutoka kwenye mwezi nikashusha mshale hadi kwenye kiti kimoja, na kiti hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Kilikuwa kiti cha mke wangu. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita hajakaa nje.

Ugonjwa wake una jina refu la kizungu ambalo mpaka leo nikilitamka najiuma ulimi. Daktari wa ngozi alitueleza kwa lugha yetu: kinga ya mwili imechanganyikiwa, inaupiga mwili wenyewe, na jua ndilo linaloichochea. Viungo vilimvimba, nywele zikapungua, na kuanzia puani hadi kwenye mashavu yote mawili ukamtoka wekundu ambao poda haikuweza kuufunika. "Ukitoka, jifunike," daktari alisema. "Mwavuli, kofia, mikono mirefu. Ukiweza, toka asubuhi sana au jioni." Hayo ndiyo aliyoyasema. Nilichosikia mimi ni kwamba asitoke. Nikanunua mapazia mazito, nikabandika magazeti kwenye kioo cha jikoni, na kila aliposogelea mlango nikamuuliza anakwenda wapi.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Watu walipomuulizia, nikasema kasafiri. Kaenda kwao bara kumuuguza mama yake. Naujua mtaa wetu wa Mbagala: wangeuona uso ule, nusu wangesema ana ule ugonjwa usiotajwa, nusu nyingine wangesema karogwa. Nikaona heri aitwe msafiri kuliko kuitwa mgonjwa. Basi mama mkwe wangu, mwanamke mwenye afya yake ambaye analima mpaka leo, akawa anaombewa dua na mtaa mzima, na mimi napokea pole kwa niaba yake kwa uso wa huzuni. Mke wangu aliujua uongo huo. Hakuukubali wala hakuukataa. Alinitazama tu, akasema, "Sawa, Baba."

Hospitali tukawa tunakwenda alfajiri, kwa bajaji yenye turubai lililoshushwa, na kurudi giza likiwa limeshaingia.

Jioni moja umeme ulikatika. Mke wangu akavuta pazia la chumbani, akapitisha mkono katikati ya nondo za dirisha. Mwezi ulikuwa umejaa. Aligeuza kiganja huku na huku kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huu hauunguzi." Maneno mawili tu, lakini mimi niliyapokea kama amri. Kesho yake ndipo nilipochora ramani.

Sijui kupanga jambo bila kuliogopa kwanza. Niliogopa nyoka, kwa sababu wanasema asumini inawaita. Niliogopa mbu. Niliogopa kwamba nyumba ya ghorofa inayojengwa mtaa wa pili ingeufunika mwezi kabla bustani haijakomaa, nikaenda kuhesabu matofali yao. Kila jioni nilisimama uani juu ya stuli nikiwa na rula na kalenda, nikipima mwezi unatokea wapi na unauruka ukuta saa ngapi. Mke wangu alinichungulia kutoka dirishani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikamsikia akicheka.

"Ukimaliza kuogopa," akaniambia, "nipandie na waridi jeupe."

Miche ningeweza kuinunua palepale Mbagala, ila nilitaka iwe siri. Nikavuka jiji zima hadi Kinondoni, kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikampata fundi wa bustani, mtu mzima mwenye mikono ya udongo, na nikamweleza nia yangu. Nilisema nataka bustani ya mwanga, mwanga wa mwezi. Kila kitu kiwe cheupe, kionekane usiku: asumini, mawaridi, na kokoto nyeupe kwenye njia.

"Poa, bosi," akasema. "Ila watu hupendaga rangi. Hii ishu yako mie sijawahi kuifanya." Akafikiri kidogo, akaniongezea miti miwili ya maua meupe yenye matawi manene. "Hii usiku inawaka kabisa," akaapa. Mimi mtu wa bara, nikaona ni mti mzuri.

Mzigo uliletwa kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, siku ambayo nilikuwa nasimamia mitihani hadi jioni. Ufunguo wa geti sikuwa nimempa mtu yeyote, wala mke wangu sikumruhusu afungue, kwa hiyo fundi alivipanga viroba vya mbolea na kokoto nje, ukutani, kumi na vinne kwa idadi, na miche pembeni. Ili visichanganyike na vya wateja wengine, alikuwa ameviandika kwa wino mweusi, herufi kubwa: BUSTANI YA MWAGA, MBAGALA.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini na sita. Kosa la tahajia likiwa nje ya geti langu linaniwasha kama upupu. Nikatoa kalamu nene kwenye mkoba, nikainama kiroba kimoja baada ya kingine, nikapachika N iliyokosekana. Watu waliokuwa wakipita wakanisalimia, "Shikamoo Mwalimu," nami nikaitikia bila kuinua kichwa, nimeridhika na kazi yangu. Viroba vile vilikaa pale siku mbili nzima, vikisomwa na kila aliyekwenda dukani, kwa hati yangu mwenyewe: BUSTANI YA MWANGA.

Na neno sahihi lipo. Mbalamwezi. Naliandika ubaoni kila mwaka.

Sikulifikiria, kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa kwenye taa. Jirani yetu, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja tu, ni mama wa watu wa Lindi, mkaanga vitumbua, mjane mwenye watoto wanne. Kwa miaka tisa yeye na mke wangu walikuwa wakiazimana kila kitu, kuanzia chumvi hadi viatu vya harusini. Kwenye kona ya nyumba yake kuna taa ya ulinzi ambayo humwaga weupe wake wote uani kwetu, na mwezi hauwezi kushindana nayo. Nikamwendea asubuhi, nikanunua vitumbua kama kawaida, nikajikohoza.

"Jirani, nina ombi. Mwezi ukifika kumi na nne, unaweza kunizimia ile taa? Kuanzia saa moja mpaka saa tatu tu."

"Nizime taa?" Upawa wake ukasimama hewani. "Kuna nini, Mwalimu?"

"Kuna shughuli ndogo uani. Inataka giza."

Nikikumbuka jibu hilo natamani ardhi inimeze. Yeye aliivuta kanga yake kichwani, akasema polepole, "Haya, Mwalimu. Nitaizima."

Siku nne baadaye nilikwenda kununua vitumbua, nikakuta wateja watatu. Walipoitikia salamu yangu walinyamaza, na mmoja akaondoka kabla vyake havijaiva. Jirani akanifungia vyangu kwenye gazeti bila kunitazama usoni.

"Mwalimu," akasema, "huyo mwanga anatoka saa ngapi?"

"Unatoka," nikamsahihisha. Mdomo wa mwalimu huwa hauningoji. "Mwanga unatoka, siyo anatoka. Ni ngeli ya U-I. Mwanga, mianga."

"Mie shule sikwenda mbali," akasema, "ila najua ninachouliza. Anatoka saa ngapi? Nataka niwaingize watoto wangu ndani mapema."

Hapo ndipo nikaelewa. Hakuwa amekosea ngeli. Mwanga aliyemuulizia ni wa A-WA, yule ambaye wingi wake ni wanga, wachawi wanaosemwa kwamba hutembea usiku kwenye nyua za watu. Nikayaona yote kwa macho yake: viroba vilivyoandikwa, taa inayoombwa izimwe, shughuli inayotaka giza. Nikaiona na ile miti miwili ambayo fundi alikuwa ameshaipanda, matawi yake yakichungulia juu ya ukuta. Jioni ileile nilipita karibu na makaburi ya mtaa wa chini, nikaona kila kaburi la zamani limepandwa mti huohuo kichwani. Na zaidi ya hayo yote kulikuwa na mwanamke aliyesemekana yuko safarini, ambaye watu waamkao mapema walikuwa wameona kivuli chake kikiingia kwenye bajaji kabla ya adhana.

 Niliondoka na vitumbua vyangu vya moto mkononi.

Msomaji wa mjini anaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikulia mahali ambapo nilimwona bibi mmoja nyumba yake ikichomwa kwa neno dogo kuliko hilo. Kosa lake lilikuwa macho mekundu, ya moshi wa kuni. Mke wangu ana uso mwekundu. Nilikuwa nimemficha mwaka mzima asije akasemwa karogwa, kumbe kwa mikono yangu na kalamu yangu nimemfanya yeye ndiye anayeroga. Ijumaa nilikuta chumvi ya mawe imemwagwa kwenye kizingiti cha geti, ile wanayomwaga kumzuia mchawi asipite. Niliifagia kwa viganja, haraka, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo shuleni.

Nyumbani sikusema kitu. Nilianza kumwandaa mke wangu kwa uongo mdogomdogo, ninavyojua mimi. Siku ya kumi ya mwezi nikamwambia asumini hazijashika vizuri. Siku ya kumi na mbili nikasema simu imetangaza mawingu. Siku ya kumi na tatu nikasema nimeona gamba la nyoka karibu na tangi. Alisikiliza yote, akaendelea kupiga pasi gauni lake jeupe la kitenge cha maua, lile alilovaa ubatizo wa mjukuu wetu wa kwanza.

Siku ya kumi na nne ilifika bila hata wingu moja. Saa moja na nusu ya jioni mke wangu alitoka chumbani amevaa gauni lile na kilemba, akasimama mbele ya mlango wa uani. Nikasimama mbele yake.

"Tungoje mwezi ujao," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nyoka."

"Baba," akasema, "kitanda changu kiko wapi?"

"Dirishani."

"Na dirisha linatazama wapi?"

 Linatazama ukuta, na ng'ambo yake ni baraza ya jirani, hatua sita kutoka kwenye karai la vitumbua.

"Basi. Nimesikia yote. Kila asubuhi nasikia. Nimejua naitwa mwanga tangu siku ya pili ya viroba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi na rula yako," akasema. "Sikutaka kukuharibia."

Akanipita. Jirani alikuwa ametimiza ahadi, taa imezimwa, na bustani ilikuwa pale kama nilivyoichora, isipokuwa ndogo zaidi. Nusu ya asumini zilikuwa zimenyauka kweli, sikudanganya kila kitu. Lakini kokoto zilikuwa nyeupe pe, na mawaridi matatu yaliyochanua yalionekana vizuri hata kutoka mlangoni. Mke wangu aliketi kwenye kiti, akavua kandambili, akakanyaga ukoka. Aliinua uso wake wote juu bila kuufunika. Mimi nilikuwa nikisikiliza ukuta, nikisubiri jiwe la kwanza libamize bati.

"Ni nzuri," akasema. "Umejitahidi sana." Kisha akasema, "Sasa mbona tuko wawili tu?"

"Ulitaka watu?"

Akainuka, akaizunguka nyumba kwa mwendo wake wa magoti mabovu, akashika kitasa cha geti. "Fungua."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia ajifikirie, nikamwambia watu wa hapa hawatabiriki, nikamwambia kuhusu chumvi. "Nisikilize, mke wangu. Wale watu..."

"Ndio haohao niliowakumbuka," akasema.

Nikafungua. Ufunguo ulinidondoka mara mbili.

Jirani alikuwa barazani kwake akichagua mchele kwenye sinia, kwenye giza nililomwomba mwenyewe. Alipoona umbo jeupe likitoka getini kwetu aliruka, mchele ukamwagika wote. "Yarabi!"

"Shoga, ni mie," mke wangu akasema. "Usikimbie. Siwezi kukufukuza, magoti hayataki."

"Wewe nani? Umerudi lini?"

"Sijaenda popote. Naumwa. Niko humu ndani tangu mwaka jana."

Jirani akawasha tochi ya simu, akasogea hatua moja, kisha nyingine, akammulika usoni. Nilitaka kuuzuia ule mwanga kwa kiganja changu, lakini sikuthubutu. Aliangalia ule wekundu, akaangalia nywele zilizochungulia chini ya kilemba, akaangalia vidole vilivyovimba. Nilijiona nimesimama pembeni ya mke wangu nimeshika kufuli, ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo. Kisha jirani akaigeuzia tochi usoni kwangu.

"Mwalimu."

"Naam."

"Mgonjwa yuko ndani mwaka mzima, tunatenganishwa na ukuta mmoja, na sie tunakaanga vitumbua? Hatujaja kumtazama? Hatujampikia hata uji?" Sauti yake ilipanda mpaka milango miwili ya jirani wengine ikafunguka. "Kwani sie si watu? Mie nimekaa namwombea mama mkwe wako, kumbe mgonjwa yuko hapa! Mume wangu alipolala miezi mitatu, nani aliyekuwa anakuja kumgeuza? Si huyuhuyu? Halafu zamu yake unaninyima!"

Alikuwa analia kwa hasira. Sijawahi kugombezwa hivyo tangu nilipokuwa mtoto, na mwenzangu alikuwa na haki. Kumtazama mgonjwa ni deni ambalo watu wa mtaa hulipana maisha yao yote, na mimi nilikuwa nimelifunga ndani kwa kufuli. Walichokuwa wakikiogopa ni nyumba ambayo haikuwaruhusu kuingia.

Alipomaliza na mimi alimshika mke wangu mkono, wakaingia wote wawili. Hakusema neno kuhusu mawaridi wala kokoto. Alichoona ni ile miti miwili. "Hii kesho ing'olewe," akaniamuru. "Nani anapanda hii kwake akiwa bado mzima?" Akaketi chini kwenye ukoka, akaiweka miguu ya mke wangu mapajani mwake, akaanza kuikanda.

"Kapike chai, Mwalimu," akasema.

Nikaenda. Nilipika chai ya tangawizi, nikaimimina kwenye birika, nikaja nayo hadi mlango wa uani. Walikuwa wamenipa mgongo. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kusema kitu cha kuchekesha, nikasikia sauti ya mke wangu, ya chini, sauti ambayo sikuijua.

"Shoga, naogopa," alikuwa akisema. "Usiku nahesabu pumzi. Naogopa kufa, naogopa hata kulala."

"Mwalimu anajua?"

"Nimwambieje? Nikimwambia, ataogopa yeye, halafu mie ndio nianze kumbembeleza. Nimechoka kumbembeleza."

"Basi niambie mie," jirani akasema. "Sema yote."

Na yeye akasema. Aliongea muda mrefu, akilia kidogo na kunyamaza na kuanza tena, mambo ya mwaka mzima ambayo yalipita ubavuni pangu kitandani bila mimi kuyasikia. Mimi nilikuwa nimeichukua hofu yote ya nyumba ile, sikumwachia hata ya kwake mwenyewe. Nilisimama pale na birika mkononi, nikiogopa kukohoa. Sikuwapelekea chai mpaka waliponiita, na ilikuwa imeshapoa.